Neno Moja Kwenye Sufuria: Namna ya Kuyaweka Maneno ya Chichewa Yasitoroke

Ndugu msomaji, mwezi huu nataka tuzungumze kuhusu kusahau. Wengi wetu hapa Dzaleka tumeshajifunza maneno ya Chichewa mara kumi, na mara kumi yametutoroka. Daftari limejaa, kichwa kitupu. Mtoto wako wa miaka sita anabishana na wenzake bombani kama mzaliwa wa Dowa, na wewe mzazi bado unaonyesha kwa kidole: hii, na hii, na ile pale.

Nitaanza na yaliyonipata mimi mwenyewe. Siyasemi kwa kujisifu.

Ilikuwa msimu wa mvua, mwaka 2024. Kitinda mimba wangu alipatwa na homa usiku. Asubuhi tukapanda gari mpaka hospitali moja, mimi na mtoto mgongoni, mkalimani hakuna. Sikuwa na wasiwasi sana kwa sababu nilikuwa nimejifunza. Nilikuwa na daftari la maneno zaidi ya mia mbili, nimeandika kwa wino wa bluu, upande huu Chichewa, upande ule Kiswahili. Nilikuwa nimeyasoma wiki ile ile.

Nesi akaniuliza kwa upole: ilianza lini? Neno la "jana" nilikuwa nalijua. Nikatafuta kichwani, nikakuta giza. Likaja lingine, nikalikamata hilo hilo: "Kuyambira mawa." Watu kwenye benchi wakacheka. Nilikuwa nimesema mtoto ameanza kuumwa tangu kesho.

Hilo lilikuwa la kuchekesha. La pili halikuchekesha. Nesi aliuliza: "Mwamupatsa kale mankhwala?" Nikasikia neno "kale." Sisi kwa Kiswahili kale ni zamani. Nikajisemea, anauliza kama huko nyuma mtoto ameshawahi kupewa dawa. Ndiyo, mwaka juzi alipewa. Nikajibu, "Eya."

Ndugu msomaji, "kale" ya Chichewa ni zamani, lakini pia ni "tayari, kwisha." Aliniuliza kama nimeshampa mtoto dawa kabla ya kuja. Nikasema ndiyo, na sikuwa nimempa hata kidonge kimoja. Akaandika nilivyomwambia. Kama si mama mmoja Mmalawi aliyekaa nyuma yangu, aliyeona uso wangu na kuniuliza tena polepole kwa mikono, sijui ingekuwaje. Alisimama akamfuata nesi, wakarekebisha. Mtoto akapimwa damu, akapewa dawa, tukarudi nyumbani salama. Lakini usiku ule sikulala. Nilikuwa nikijiuliza: maneno mia mbili yote yalikwenda wapi?

MZEE NA UBAO WA WALUBA

Jirani yetu ni mzee mmoja Mluba, ametoka upande wa Kabongo, Katanga. Nilipomweleza habari ya hospitali hakucheka. Akaomba daftari langu, akalifungua, akalifunga, akalirudisha.

"Weye mama," akasema, "kitabu njo inakumbuka, hapana weye. Ile maneno inakaa wapi mu nyumba yako?"

Sikumwelewa. Ndipo akanieleza habari ya lukasa, ambayo yeye aliisikia kwa babu yake. Baadaye nimesoma juu yake, na ni jambo la kweli kabisa, limeandikwa na wataalamu wa historia.

Katika ufalme wa zamani wa Waluba, kusini-mashariki ya Kongo, kulikuwa na chama cha watu waliotunza kumbukumbu, kikiitwa Mbudye. Hawakuandika kwa herufi. Walikuwa na ubao wa mti unaotosha kushikwa mkononi, unaoitwa lukasa, umepambwa kwa shanga na makombe. Mtu aliushika kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha mkono wa kulia akaupitia, shanga kwa shanga, huku akisimulia. Shanga moja kubwa iliyozungukwa na ndogo ndogo iliweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga uliweza kuwa barabara au safari. Kwa njia hiyo walisimulia habari za Nkongolo Mwamba, za mwindaji Mbidi Kiluwe na mwanawe Kalala Ilunga, na mpangilio wa mji wa mfalme.

Jambo la kuangalia ni hili: shanga yenyewe haikuwa na neno juu yake. Ilikuwa ni MAHALI. Kidole kikifika mahali, neno linakuja.

"Sasa weye," mzee akaniambia, "nyumba yako ni lukasa. Weka maneno mule."

WAZUNGU NAO WANALO

Nisije nikasema ni jambo la Waluba peke yao. Wagiriki na Warumi wa kale walikuwa nalo. Cicero, msemaji mkubwa wa Roma, aliandika mwaka 55 kabla ya Kristo kisa cha mshairi Simonides. Alikuwa kwenye karamu, akaitwa nje, na nyuma yake paa la ukumbi likaanguka, likaua wote waliokuwa ndani. Maiti hazikutambulika. Lakini Simonides alikumbuka kila mtu alikuwa amekaa wapi, basi kwa nafasi zile akaweza kuwaambia ndugu zao: wako ni huyu, wako ni yule. Ni kisa cha huzuni, na wengi wetu hapa tunajua uzito wa kutafuta ndugu. Wasemaji wa Roma wakaichukua njia ile: wanaiweka hotuba yote ndani ya nyumba wanayoijua, chumba kwa chumba, kisha wanaizungumza wakitembea humo kwa mawazo.

Hata waliohifadhi Kurani watakwambia kwamba mara nyingi wanaiona aya ilipo kwenye ukurasa, juu au chini, kulia au kushoto. Mahali hukumbusha neno.

Kwa nini iwe hivyo? Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iliyojikunja, kila upande mmoja, ambayo kazi yake ni kutunza kumbukumbu mpya na pia kujua tuko wapi. Mwaka 1971 mtafiti John O'Keefe, akifanya kazi London, alionyesha kwamba katika ubongo wa panya kuna chembe zinazoamka panya akifika mahali fulani tu, pengine popote zinanyamaza. Mwaka 2014 yeye pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norwei walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi ya namna hiyo. Na mwaka 2000 watafiti wa London waliwapiga picha za ubongo madereva teksi wa mji ule, ambao ni lazima wajue maelfu ya mitaa kwa kichwa. Waliwakuta sehemu ile, upande wake wa nyuma, imekuwa kubwa kuliko ya watu wengine.

Maana yake ni nini kwetu? Ubongo wetu ni hodari wa njia na mahali. Mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Fizi mpaka ziwani, akavuka Tanzania, akafika Malawi, bado anakumbuka njia yote: hapa palikuwa na daraja, hapa tulilala, hapa tulimpoteza fulani. Hakuiandika popote. Lakini maneno ishirini ya daftarini aliyoyasoma jana hayapo. Si kwamba mtu huyo ni mjinga. Ameyaweka maneno yake hewani, hayana pa kukaa.

MIWANI YA KOMPYUTA

Kijana mmoja tunayeshirikiana naye katika jarida hili aliposikia nazungumza habari hizi akaniambia, "Mama, hiyo ya mzee siku hizi inafanywa kwa miwani." Akanieleza habari ya uhalisia pepe. Unavaa kitu kama miwani mikubwa inayofunika macho yote, ndani kuna kioo cha kompyuta. Ukigeuza kichwa, picha nayo inageuka, basi unajiona uko ndani ya jumba au mji ambao haupo. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilitoa hata ya karatasi ngumu ya boksi, unaingiza simu yako ndani.

Wataalamu wakajiuliza: je, mtu akiwekewa vitu ndani ya jumba la namna hiyo atavikumbuka vizuri zaidi? Katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walichukua watu 40. Wakawaonyesha picha za nyuso za watu maarufu zilizowekwa sehemu mbalimbali za jumba la kifahari na za mji wa kizamani. Kila mtu aliona mara moja kwa miwani, na mara nyingine kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani. Matokeo yalitoka mwaka 2018: kwa miwani walikumbuka zaidi, tofauti ikiwa asilimia 8.8.

Si kidogo, lakini tuwe waangalifu. Jaribio lile lilipima kumbukumbu baada ya mapumziko ya dakika mbili tu. Dakika mbili si mwaka. Mimi maneno yangu nayataka yakae hadi siku mtoto atakapougua tena.

Kuna jaribio lingine lililonifurahisha zaidi, la Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, mwaka 2012. Kundi moja liliambiwa litumie mahali pa kubuni pa kwenye kompyuta, na kundi lingine litumie mahali wanapopajua wenyewe maishani mwao. Makundi yote mawili yalikumbuka sawa. Kumbe mwenye kompyuta na mwenye nyumba ya udongo wamelingana! Miwani ni bei, inataka umeme, inataka simu nzuri. Nyumba yako uko nayo tayari, na hata taa ikizimika unaijua gizani.

Na je, inakaa muda mrefu? Mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi na Ujerumani walitoa habari ya watu 51 wa kawaida, wasio na kipaji chochote. Sehemu yao walifundishwa njia hii ya mahali, nusu saa kila siku kwa wiki sita. Kabla ya mafunzo, katika orodha ya maneno 72, walikumbuka kama 26. Baada ya mafunzo walikumbuka kama 62. Miezi minne baadaye, bila kuendelea na mazoezi, uwezo wao ulikuwa bado uko juu. Hii ni habari njema kwa mzazi yeyote.

NYUMBA YANGU, MANENO KUMI

Sasa tuingie kazini. Mzee alinipa sheria tatu. Kwanza, fuata njia moja tu, usiruke: ingia mlangoni, zunguka, toka nje. Pili, mahali pamoja neno moja. Tatu, picha iwe ya ajabu, ya kuchekesha au hata ya aibu, kwa sababu jambo la kawaida linasahaulika. Mimi nikaongeza ya nne: ndani ya picha nitie neno la lugha yetu linalofanana sauti na lile la Chichewa, ili sauti nayo inishike.

Hii ndiyo nyumba yangu. Nilichagua maneno ya hospitali, mnajua sababu.

1. MLANGONI: kudwala (kuumwa). Mtu ameegemea mlango wangu hawezi kusimama. Ana ndwele. Ndwele, kudwala.

2. NDOO YA MAJI: kusanza (kutapika). Sisi Wakongo tunajua sanza ya Kilingala ni mwezi. Usiku mwezi unaonekana ndani ya ndoo, na mtoto anatapika juu ya mwezi. Ni uchafu, lakini hutasahau.

3. MKEKANI: kutsegula m'mimba (kuharisha). Kutsegula ni kufungua. Baba mmoja amelala mkekani, tumbo lake lina kufuli, na kufuli limefunguka. Anakimbia.

4. JIKONI: kutentha (kuwa na joto, kuchemka). Nimeweka tende juu ya makaa zinaungua. Tende, kutentha. Nesi akisema "thupi likutentha," mwili unachemka.

5. SUFURIA: kale (tayari). Sufuria imeshashushwa chini, ugali umeshasongwa, watu wameshakula, imebaki ukoko. Kila kitu kimeshafanyika. Kale! Picha hii nimeitia nguvu kuliko zote.

6. DIRISHANI: dzulo (jana). Zulia limeanikwa dirishani tangu jana, limesahauliwa, limenyeshewa. Zulia, dzulo.

7. CHINI YA KITANDA: mawa (kesho). Kuna mawe chini ya kitanda changu, nitayabeba kesho kwenda kujenga. Mawe, mawa. Siku hizi siwezi tena kusema mtoto anaumwa tangu kesho.

8. KAMBA YA NGUO: mankhwala (dawa). Kwale, yule ndege wa porini, ametua kwenye kamba, ana kidonge mdomoni.

9. MWEMBE WA NJE: kupweteka (kuuma, kutia maumivu). Tawi limevishwa pete inayobana, mti unalia. Pete, kupweteka.

10. BOMBANI: magazi (damu). Kuna ngazi nyekundu imeegemezwa kwenye bomba. Ngazi, magazi.

Usizichukue picha zangu kama zilivyo. Nyumba yako si yangu, na picha uliyoibuni mwenyewe inashika kuliko ya kupewa. Kama wewe ni Mrundi au Mnyarwanda, tumia Kirundi au Kinyarwanda. Sauti zenu ziko karibu na Chichewa kwa namna nyingine.

MANENO YANAYODANGANYA

Chichewa na Kiswahili ni ndugu. Maneno kama nyumba, moto na mbuzi hayahitaji kuwekwa popote, yamekuja na sisi. Lakini ndugu naye anaweza kukudanganya. Haya yaweke ndani ya nyumba kabla ya mengine:

Kale: kwetu zamani, kwao ni zamani na pia tayari.
Kuuma: kwetu ni maumivu au kung'ata, kwao ni kukauka. Ukimwambia nesi kichwa "chauma" atashangaa kikoje kikavu.
Kumwa: sisi tunasikia kuumwa, kwao ni kunywa.
Mwendo: kwetu kwenda, kwao ni mguu pia.
Kupita: kwetu kupita kando, kwao ni kwenda.
Mtengo: kwetu tunasikia mtego, kwao ni mti, tena ni bei.

Neno geni kabisa likikuponyoka, unanyamaza, na mtu anajua kwamba hujui. Neno linalodanganya linakufanya ujibu kwa uhakika, na hapo ndipo hatari ilipo.

BARABARA YA LILONGWE

Nyumba ikijaa, tafuta njia nyingine. Sisi tuna njia nzuri tunayoijua wote, ya kwenda Lilongwe, kama kilomita 45 hivi. Hata aliyekosa kibali siku hizi anaweza kuisafiri kwa mawazo, hakuna kizuizi cha kichwani.

Garini Dzaleka, weka ulendo (safari): gari linalemewa, lina lundo la mizigo. Njia panda ya Dowa, weka msewu (barabara). Lumbadzi, karibu na uwanja wa ndege, weka kuuluka (kupaa): abiria wote wa minibasi wamepaa, wamemwacha dereva. Kanengo kwenye minada ya tumbaku, weka fodya (tumbaku). Ukifika Old Town, sokoni, weka mtengo (bei): mti umesimama katikati ya soko, majani yake ni kwacha. Kwenye mto Lilongwe, weka mlatho (daraja).

Wale ndugu waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe na miji mingine kabla serikali haijaamuru mwaka 2023 wakimbizi warudi kambini, hawa wana hazina kubwa. Wanaijua mitaa ile duka kwa duka. Wengi wamerudi na uchungu, na uchungu huo ni wa haki kuuongea. Lakini nawaomba wawasaidie wengine: Chichewa chao ni cha sokoni, ni kizuri, na kila duka walilolipoteza bado ni chumba kichwani cha kuwekea neno.

KULITEMBELEA NENO

Kuweka si mwisho. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaona zaidi ya nusu zinapotea ndani ya saa moja. Kinachookoa ni kurudia, lakini kurudia kwa kuachanisha siku, si kukariri mara hamsini usiku mmoja. Tena kurudia kwa kujiuliza, si kwa kusoma tu. Daftari lifungwe kwanza.

Mimi nafanya hivi: jioni ya siku ile ile natembea nyumba yote kwa mawazo. Kesho yake tena. Kisha siku ya tatu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Neno likikataa kuja, silaumu kichwa, nabadilisha picha. "Mankhwala" ilinikataa mara mbili mpaka nilipomleta yule kwale.

Na neno litoke mdomoni. Nenda ukalitumie sokoni, bombani, kwa mama anayeuza nyanya. Njia hii inakupa maneno, haikupi sarufi wala ulimi. Hizo zinatoka kwa watu.

WATOTO WAWE WALIMU

Jumamosi moja wakusanye watoto. Kila mmoja achague kitu kimoja ndani ya nyumba, akupe neno moja la Chichewa la kuweka pale, na akubuni picha. Watacheka sana. Kisha jioni ya Jumapili wakushike mkono, mkizunguka, wakuulize. Baba asione aibu kufundishwa na mtoto, wala mtoto asimcheke baba kwa dharau. Nyumba nyingine hapa mtoto ndiye anakuwa mkalimani wa mama hospitalini, anasikia magonjwa ya mama yasiyomfaa kusikia. Kila neno mama analojifunza ni mzigo mmoja umepungua kichwani mwa mtoto.

Kwa wanafunzi, njia ni hiyo hiyo kwa Kiingereza cha shule. Maneno ya sayansi yapange njiani kutoka nyumbani hadi darasani.

"MIMI NINAENDA ZANGU"

Najua wako watakaosema: Chichewa ya nini? Mimi faili yangu iko njiani. Nami nilisema hivyo miaka mingi. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, kwa watu kama elfu 10 au 12, mahali palipokuwa gereza, na leo tumezidi elfu 50. Wako waliozaliwa hapa na sasa wana watoto wao. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimeshafunga mizigo zikafungua tena. Sisemi mtu akate tamaa. Nasema mtoto akiugua usiku wa leo, nesi hatauliza faili yako imefika wapi. Atakuuliza kwa Chichewa, ambacho ni lugha ya taifa hapa tangu mwaka 1968, tena kinazungumzwa Zambia na Msumbiji.

Na hata ukiondoka, ufundi huu unaondoka nao. Nyumba ya kichwani haizuiliwi mpakani. Utaifungua tena huko, utaweka maneno ya huko.

Mwezi wa pili mwaka huu mtoto wangu aliugua tena. Nesi mwingine, benchi lingine, swali ni lile lile: "Mwamupatsa kale mankhwala?" Nikaiona sufuria yangu na ukoko wake. Nikamjibu, "Ayi, sindinamupatse." Hapana, sijampa. Akaandika. Ni maneno mawili tu, lakini nilitoka pale nikiwa mama wa mtoto wangu.

Nilipofika nyumbani nilimpelekea mzee sukari kidogo. Akauliza, "Ile neno ilikuwa wapi?" Nikamwambia, kwenye sufuria. Akasema tu, "Njo vile."

ZOEZI LA MWEZI: Chagua vitu kumi vya nyumbani kwako, kuanzia mlangoni. Weka maneno kumi unayoyahitaji kweli, si ya kujionyesha. Yatembelee siku tano nilizotaja. Mwezi ujao tutaendelea na maneno ya sokoni. Ukiwa na picha nzuri ya neno gumu, tuletee, tutawagawia wenzio. Mbaki salama.